Kimeng'enya kilichoingia mlango usio wake

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza kimeng'enya kinajuaje pa kwenda ndani ya seli ilhali hakina macho wala miguu. Nilikuwa na haraka, nikakujibu ovyo. Nisamehe.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, na protini ni mnyororo wa asidi amino. Kipande kifupi cha mnyororo wenyewe ndicho anwani. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua hilo. Anwani ya mitokondria, chumba cha seli kinachotengeneza nishati, mara nyingi hukaa kichwani mwa mnyororo. Ya peroksisomu, kifuko kidogo cha seli kinachovunja kemikali mbalimbali, hukaa mkiani, na mara nyingi ni asidi amino 3 tu, kama vile serini, lisini na lusini. Tatu! Mpaka leo nashangaa.

Sasa sikia habari za AGT, kimeng'enya cha ini kinachogeuza glioksileti, kemikali isiyofaa kulimbikizana, kuwa glisini, asidi amino isiyo na madhara. Kwa sungura kimo ndani ya peroksisomu, kwa sababu majani huleta glioksileti humo. Kwa paka, mla nyama, kimo zaidi kwenye mitokondria. Panya anacho kote kuwili. Sisi binadamu tuko upande wa sungura.

Ila wapo watu wanaozaliwa na AGT iliyobadilika mahali pawili. Katika nafasi ya 11 ya mnyororo, asidi amino iitwayo prolini imekuwa lusini, na kichwa cha mnyororo kikafanana kidogo na anwani ya mitokondria. Hilo peke yake halimdhuru mtu: AGT hujikunja upesi kuwa umbo lake la kazi, na mlango wa mitokondria haupitishi kilichokwisha kukunjwa. (Peroksisomu haijali, hupokea hata kilichokunjwa.) Balaa huja nafasi ya 170 nayo ikibadilika, glisini ikawa arginini. Kujikunja kunachelewa, na sehemu kubwa ya AGT inavutwa mitokondria.

Huko inachapa kazi kama kawaida. Ukiipima maabara utaikuta nzima! Lakini glioksileti ya peroksisomu imekosa wa kuishughulikia, inaishia kuwa oksaleti, oksaleti inashikana na kalisiamu, na mtu anapata mawe ya figo, mara nyingi tangu utotoni, wengine hadi figo zikashindwa kabisa.

Baadhi ya wagonjwa wa aina hii husaidiwa na vitamini B6. Kabla hatujaongea tena, nifikirie hili: wewe ungeufunga mlango wa mitokondria, au ungeihimiza AGT ijikunje mapema?

Mama yako