Prosesa si feki, ni mashini virtuali inaficha makaunta

Bwana mhariri, salamu toka Katuba.

Ile barua mlitoa juma lililopita, ya msomaji anasema kama lapitopu za okazyo zenye zinauzwa hapa Lubumbashi ziko na prosesa feki juu Linux (mfumo wa kompyuta, kama Windows) "inazikataa", imenikera kidogo, naomba nafasi nijibu, juu mtoto wa dada yangu alishapoteza dola 40 sababu ya maneno kama hayo hayo.

Anasoma infomatiki. Programu yake ilikuwa inatambaa kama kinyonga, akataka kujua inapoteza muda wapi, akaweka perf, chombo cha Linux cha kupima programu. Anapiga perf stat, kwenye cycles (mapigo ya prosesa) inamuandikia <not supported>, instructions (amri zenye prosesa imefanya) vile vile. Kufungua dmesg (ujumbe wa keneli, yaani moyo wa Linux) anakuta: unsupported p6 CPU model 60 no PMU driver, software events only, yaani modeli 60 haitambuliki, makaunta ya prosesa hayasomeki. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, fundi akatikisa kichwa, eti prosesa hii haijulikani, ni ya kuchonga, lete pesa tubadilishe. Lapitopu ikarudi na ujumbe ule ule, 60 ile ile, hata vumbi la kwenye feni lilikuwa lile lile!

Mimi nikamuuliza tu, hiyo Linux yako inakaa wapi? "Mjomba, iko ndani ya VirtualBox, juu ya Windows." Aba, njo hilo. VirtualBox ni mashini virtuali, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli.

Prosesa za Intel za siku hizi zinatangaza zenyewe makaunta yao (vihesabio vya ndani ya prosesa) kupitia CPUID, amri yenye prosesa inajitambulisha nayo, kwenye ukurasa wa 0xA. Mashini virtuali inapitisha jina la prosesa sawa vile liko, famili 6 modeli 60, ni Haswell safi, kizazi cha Intel cha 2013, ila ule ukurasa inaufunika. Sasa keneli ikikosa ukurasa na inaona famili ni 6, inarudi kwa mzee wa ukoo, Pentium Pro ya 1995, inafungua orodha ya wazee, 60 haimo, inaandika p6 (jina la ukoo wa Pentium Pro) haijulikani. Ni kama kijana amefika komini bila karte, karani anamtafuta ndani ya daftari la babu yake.

Tulichomeka flashi yenye Ubuntu, tukawasha lapitopu bila kupita kwa Windows, perf stat ls, cycles ikatoa namba palepale. Kuran ya umeme ikakatika na betri yake ni ya kufa, lakini tulikuwa tumeshaona.

Mwenye hawezi kutoka kwa mashini virtuali asikate tamaa, perf record inafanya kazi na cpu-clock (saa ya keneli, si makaunta), itakuonyesha fonksyoni gani inakula muda, ila cache misses (mara ngapi prosesa inakosa data ndani ya kache yake) usahau. Wa KVM (mashini virtuali ya Linux yenyewe) waweke -cpu host, kwa kawaida makaunta yanapita. Na kama Linux iko moja kwa moja kwa lapitopu na bado inakataa, piga uname -r kwanza uone toleo la keneli, pengine keneli ni ya zamani kuliko prosesa yenyewe.

Fundi hajarudisha zile dola 40. Kila Jumamosi mtoto anapita kwake, anaambiwa patron ametoka.

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi