Waulizeni wapasua mbao kabla miti haijaanguka

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze habari za panya mmoja wa mbali sana na Nairobi. Tangu nisome habari zake sijatulia.

Jina lake vika. Huishi juu ya miti katika kisiwa cha Vangunu, Visiwa vya Solomon, kwenye Bahari ya Pasifiki. Kutoka puani hadi ncha ya mkia ana sentimita 46, na anaweza kukaribia kilo moja. Hutoboa kokwa ngumu za ngali, mti wa huko, kwa meno yake na kuacha tundu la mviringo. Wenyeji wa Zaira, eneo la hukohuko Vangunu, walimjua na kumtaja kwa jina, ilhali watafiti walimsaka miaka kadhaa bila kumwona. Kisha mwaka 2015 wavuna mbao waliangusha mti mkubwa, akatoka vika mmoja, akafa. Kwa mzoga huo watafiti Tyrone Lavery na Hikuna Judge, huyu wa pili akiwa wa hukohuko Zaira, walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 2017 kwa jina la kisayansi Uromys vika. Picha za vika walio hai zilitoka 2023, baada ya kamera kutegwa msituni na kuwekewa taa za mafuta ya ufuta ziwe chambo. Zilipatikana picha 95, lakini vika waliomo ni wanne tu.

Mimi ni muuza mbao Gikomba. Marehemu babu yangu alikuwa mpasua mbao kule Nyeri, enzi za msumeno wa kuvutwa na watu wawili. Jioni alitusimulia viumbe waliokimbia kutoka matawini mti ulipolala: wa mkia mrefu, wa macho makubwa, wa kulala mchana kutwa kwenye pango la mti. Kila mmoja alikuwa na jina lake. Sikuandika hata moja, na babu alizikwa nayo. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Nasi tuna panya wetu wa aina hiyo. Grammomys gigas, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1911, ni wa Mlima Kenya, na vielelezo vyake ni vichache mno. Je, wazee wa Nyeri na Meru humwitaje? Sijawahi kuona jina hilo likichapishwa popote, si kwa Kiswahili wala kwa lugha ya nyumbani.

Marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018 ilitangazwa kuondolewa Julai 2023. Mimi hula kwa mbao, sitadai miti isikatwe kabisa. Ninachoomba ni kwamba kabla mti haujatiwa alama, wahusika wa misitu waketi na wazee wa pale na wapasua mbao wenyewe, wawaulize nani anaishi humo, na majibu yaandikwe. Kule Zaira jina lilitangulia mzoga kwa miaka mingi.

Nawe Mhariri, tutengee hata robo ukurasa kila Jumamosi, wasomaji walete majina ya wanyama wadogo wa misitu yao. Mzee mmoja aliyevuta msumeno na babu bado yu hai. Desemba nitakwenda kwake na daftari, na atakachoniambia nitakuletea.

Muuza mbao,
Gikomba, Nairobi