Goti bandia bila mtu wa mazoezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno na Wizara ya Afya kuhusu sisi tuliopandikizwa magoti bandia tukarudishwa vijijini.

Nilivunjika goti kwa ajali ya pikipiki nikiwa mwalimu kijana wilayani Handeni. Ufa uliingia mpaka kwenye kiungo chenyewe. Nikatiwa skrubu, mfupa ukaunga, nikarudi darasani. Kumbe mfupa huunga, ila gegedu linalofunika ncha za mifupa likishaharibika haliponi vizuri. Langu liliendelea kulika hadi mifupa ikasagana. Nimekandwa maji ya moto, nimechomwa sindano, nimemeza diklofenaki za kutuliza maumivu mpaka tumbo likagoma.

Kwa upasuaji sina malalamiko. Skrubu za zamani zilitolewa, nikawekewa chuma juu na chini, katikati plastiki ngumu. Nilielezwa mapema kwamba goti lililowahi kupasuliwa ni rahisi zaidi kuingia vijidudu, na kwamba choo cha kuchuchumaa nikiage. Nimekiaga, na sala naswali kwenye kiti. Maumivu ya usiku yamekwisha.

Shida ilianzia nyumbani. Wodini mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alinikunja mguu huku nimeng'ata shuka. Nikaruhusiwa na karatasi ya picha za mazoezi, nikaambiwa niendelee hospitali ya karibu. Huko muuguzi aliitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi hapa tunakusafishia kidonda tu." Mtaalamu yuko mjini, na mguu usiokunjika haupandi bodaboda. Ni kukodi gari, kwa pensheni hii hii.

Wiki za mwanzo hazingoji. Kovu huota ndani ya goti, likikomaa goti linakakamaa, na mwingine hulazimika kurudi kulazwa usingizi ili daktari alikunje kwa nguvu. Kuinuka tu kitini kunataka goti likunjike kama nyuzi 90. Langu lilikuwa halifiki. Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye hajasomea tiba yoyote. Aliisoma ile karatasi, akapitisha kanga chini ya unyayo wangu, akanikabidhi ncha mbili: "Haya, vuta mwenyewe, Baba Zubeda. Mimi nahesabu." Na alihesabu polepole makusudi!

Vijana wa bodaboda wanaovunjika magoti leo, baadhi yao watahitaji magoti bandia baadaye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Naomba mazoezi baada ya upasuaji yalipiwe na bima hiyo kama sehemu ya matibabu, kila hospitali ya wilaya ipate mtaalamu wa fiziotherapia, na pale asipopatikana, afundishwe walau muuguzi mmoja. Na hospitali iliyopasua ipige simu kule inakompeleka mgonjwa kabla ya kumruhusu, iulize kama yupo wa kumpokea.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga