Risala ya Klabu ya Sayansi na Fasihi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu walezi, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Wewe ni mwanafizikia na pia mtunzi wa riwaya, na hatujawahi kupata mgeni anayetuhusu kiasi hiki. Waliokutangulia walitupongeza sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ilizaliwa na ubishi: je, mwanasayansi anaruhusiwa kutunga? Ubishi ungalipo. Mafanikio ni makubwa. Tumechapisha jarida la kitaaluma, toleo moja, ubaoni. Tumeendesha kongamano, na hata mlinzi alihudhuria. Mwanachama wetu ameandika hadithi inayoanza, "Hapo zamani za kale, kabla ya zamani kuwapo." Mwalimu wa fizikia aliipenda, wa Kiswahili alizungushia wino mwekundu. Tunaomba uwasuluhishe.

Wanachama wanajua kwamba Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, mwaka 1931 alieleza ulimwengu ulioanza na atomu moja ya kwanza. Wanajua pia kwamba Fred Hoyle, mwanaastronomia aliyeandika riwaya, ndiye aliyeipa nadharia hiyo jina la Mlipuko Mkuu katika redio ya BBC mwaka 1949, ingawa mwenyewe hakuikubali hadi kufa. Hapo ndipo tunapoona faida ya mwanasayansi kushika kalamu ya fasihi: milinganyo ikigota kwenye nukta ya mwanzo, mtunzi bado anaweza kumweka mhusika pale na kumuuliza anaona nini.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuseme lililotuleta. Hatuna vitabu. Tunacho kimoja kuhusu asili ya ulimwengu, tunakisoma kwa zamu, na kurasa zake za mwanzo zimenyofoka. Dakika tatu za kwanza, ambamo viini vya heli viliundwa, hazimo. Kitabu kinaanzia pale ulimwengu ulipofikisha takriban miaka 380,000, ukapoa, atomu zikaundwa na nuru ikapata njia. Yaliyotangulia tunayatunga wenyewe, na mitihani haitoi alama kwa utunzi huo.

Si kwamba hatujaomba. Mgeni rasmi mmoja, mbele ya hadhara hii, alituahidi kabati zima la vitabu, na tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Tulipokumbusha tuliambiwa viko njiani. Mwaka uliofuata mwingine aliahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake. Tunawashukuru wote kwa nia njema. Ila nuru ile ya kale ilisafiri takriban miaka bilioni 13.8, na mwaka 1965 wanasayansi walitangaza kuwa wameinasa kwa antena. Vitabu vyetu bado viko njiani. Seremala wa shule alishatutengenezea rafu. Kwa sasa zinahifadhi mipira.

Kwa unyenyekevu tunaomba nakala thelathini za kitabu kimoja kinachoeleza mwanzo wa ulimwengu, chenye kurasa zote, na nakala chache za riwaya zako mwenyewe ukiweza. Hatuombi ahadi. Ikikupendeza, ututajie tarehe, na katibu wetu, aliyeketi kulia kwako na daftari, ataiandika kabla hujapanda gari.

Tunaomba kuwasilisha.