Unakwenda kliniki ya saratani? Beba majibu ya kinyama

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuwaeleze wasomaji, hasa wanaotoka mikoani, yanayowangoja kwenye kliniki ya nje ya saratani, iwe Ocean Road hapa Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi. Mtu hupanda basi akiamini kesho yake atatundikiwa dripu ya dawa za saratani. Haiwi hivyo. Siku ya kwanza ni ya kufungua faili, kuonana na daktari na kuandikiwa vipimo. Asiye na majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe maabara, huondoka na karatasi ya kwenda kukitafuta.

Kinyama ndicho kinachosema ni saratani ya aina gani, au kama ni saratani kweli. Uvimbe wa shingoni unaweza kuwa TB ya tezi, limfoma (saratani ya tezi zenyewe), au saratani iliyoanzia nyuma ya pua, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Njooni na karatasi yenyewe. Picha ya simu mara nyingi imekata kona yenye namba ya maabara, na ni kwa namba hiyo maabara hutafuta kipande cha nta kilichohifadhi nyama, kikihitajika kupimwa upya. Angalieni na jina. Karatasi ikisema Asha Juma na kadi ya bima Asha Mfaume, kwanza itathibitishwa kwamba ni mtu mmoja, na siku imekwisha.

Huko wilayani, ndugu anapokabidhiwa kinyama akipeleke maabara, aitazame chupa. Iwe na mdomo mpana, na ndani formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo wake kama mara 10 ya kinyama chenyewe. Kikitiwa kwenye maji ya dripu, au kikashindiliwa ndani ya kichupa cha dawa, huanza kuoza njiani, majibu yanarudi kwamba hakisomeki na mgonjwa anakatwa tena. Cha titi kikae ndani ya formalini si chini ya saa 6 na kisizidi saa 72, la sivyo kipimo cha vipokezi vya homoni huenda kikadanganya, na hicho ndicho kinachoamua kama mama huyo atafaidika na tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isiulishe uvimbe.

Mengine ya kubeba ni barua ya rufaa, CD ya picha za CT au MRI (maelezo peke yake hayatoshi), kadi ya CTC kwa anayetumia ARV, na dawa zote za nyumbani ndani ya mfuko mmoja, mitishamba ikiwemo. Semeni tu, baadhi ya mitishamba hulemea ini na figo, na dawa za saratani hutegemea viungo hivyohivyo kutoka mwilini. Asiye na bima wala uwezo aje na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, aulize ofisi ya ustawi wa jamii kabla hajauza shamba.

Siku ya dripu, kunyweni chai, msije na njaa. Mtapimwa uzito na urefu bila viatu wala koti, kwa sababu kipimo cha dawa nyingi hukokotolewa kutokana na vitu hivyo viwili. Kisha damu. Chembe nyeupe zikiwa chini sana, dripu huahirishwa, mara nyingi kwa wiki moja. Tunajua inavyouma kwa aliyelipa nauli kutoka Kigoma, lakini kumtundikia dawa hali hiyo ni kumwacha bila kinga kabisa. Anayepewa dawa iitwayo sisplatini ajipange kukaa kwa saa kadhaa, maana hutanguliwa na kufuatiwa na maji mengi ya kulinda figo. Dawa nyingine, doksorubisini, ni nyekundu, na mkojo nao huwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu. Ila mkono ukianza kuwasha, kuuma au kuvimba pale sindano ilipo, ita muuguzi palepale. Baadhi ya dawa hizi zikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, na wapo wanaovumilia kimya kwa heshima.

Kuhusu mionzi, watu husema "kuchomwa", wakaogopa moto. Mashine haigusi mwili, kila mara ni dakika chache, na wewe hutoki na mionzi ya kumdhuru mtoto nyumbani. Alama zinazochorwa kwenye ngozi siku ya kupanga mionzi msizisugue, ndizo zinazoelekeza mashine. Saratani ya shingo ya kizazi kwa kawaida huhitaji mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, kisha mionzi ya ndani (chanzo cha mionzi huingizwa kwa muda karibu na uvimbe), na matibabu yote yasivuke wiki 8. Kwa hiyo tafuteni pa kulala kwanza. Anayekatisha katikati akaenda kuvuna, akarudi baada ya mwezi, ameupa uvimbe nafasi ya kukua tena.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni homa. Kinga hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Nunueni kipimajoto. Kikifika nyuzi 38, nendeni hospitali yoyote iliyo karibu, hata usiku wa manane, msingoje tarehe ya kliniki. Msianze na Panadol, itashusha joto na kuficha ugonjwa huku bakteria wakiendelea. Mlangoni mwambieni daktari wa zamu: "Huyu yuko kwenye dripu za saratani, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani," na mwonyesheni kadi ya kliniki. Asipoambiwa, atampima malaria kama wagonjwa wengine wa homa, na mgonjwa anayehitaji antibiotiki za mshipa ndani ya saa moja atarudishwa nyumbani na dawa mseto ya malaria.

Wauguzi wa kliniki ya saratani,
Dar es Salaam