Kabla Hujainunua Ile Mashine

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji na watoto. Yako nimeipokea, na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa jambo unalotaka kulianza ndilo linaloniamsha mimi kila alfajiri kwa mwaka wa saba sasa. Unasema umepata kiwanja chenye banda, umeahidiwa vumbi la mbao na maranda kutoka karakana mbili za useremala, na unakusudia kukopa ili ununue mashine ya kutengenezea briketi, yaani vipande vya kuchoma vya vumbi la mbao lililogandamizwa, kisha kuni za kawaida zifuate baadaye zikiwa nyongeza. Nakusihi usiutie saini mkopo huo kabla hujaimaliza barua hii. Sikukatazi biashara yenyewe, maana naipenda na ningefurahi kukuona ndani yake; ninachokuomba ni ugeuze mpangilio, uanze na kuni, na ujifunze kupima maji kabla ya kununua chuma.

Nasema maji kwa sababu ndiyo yaliyonitia hasara mwaka wangu wa kwanza. Nilinunua magogo kwa uzito, yakiwa yamekatwa wiki ileile, nikayachanja, nikayapanga, na baada ya miezi kadhaa nikaziuza kuni hizo kwa uzito vilevile. Nilipofunga hesabu nilidhani nimeibiwa, kwani tani nilizouza hazikukaribia tani nilizonunua. Hakuna aliyeniibia. Mti uliokatwa leo huweza kubeba maji yanayofikia nusu ya uzito wake, kwa hiyo katika kilo 1000 zilizoshushwa kutoka kwenye lori, mti wenyewe ni kilo 500 tu, na zikikauka hadi maji yabaki asilimia 20, mizani itasoma kilo 625. Zile kilo 375 zilizopungua nilikuwa nimezilipia, nimezilipia nauli, nimewalipa vijana wazipakue, kisha zikapaa.

Lakini lile rundo lililopungua uzito ndilo lenye joto zaidi. Kilo moja ya kuni zenye maji asilimia 50 hutoa takriban kilowati-saa 2.3 za joto, ilhali kilo moja ya kuni zenye maji asilimia 20 hutoa takriban kilowati-saa 4, kwa maana maji yaliyomo ndani ya ukuni lazima yageuzwe mvuke kwanza, na joto linalofanya kazi hiyo hutoka na moshi bila kumfaa mtu yeyote. Zidisha mwenyewe: kilo 1000 mbichi zina kilowati-saa 2300 hivi, na zilezile zikishakauka na kubaki kilo 625 zina 2500. Tangu nilipoielewa hesabu hiyo nimekataa kununua magogo mabichi kwa uzito. Nayanunua kwa ujazo, au kwa bei ya uzito inayozingatia kiasi cha maji kilichopimwa mbele ya muuzaji.

Mteja naye huyajua maji hata asipokuwa na kipimo. Katika mwaka huohuo nilimpelekea mwoka mikate mmoja shehena ambayo nje ilionekana kavu, yenye nyufa nzuri kwenye ncha zake, lakini ndani ilikuwa bado mbichi. Tanuri lake halikupata joto kwa wakati, moshi ukajaa jikoni, na mikate ya asubuhi ile ikachelewa. Alikuja uwanjani kwangu na ukuni mmoja alioupasua katikati, akaniwekea mkononi bila kusema neno, nami niliposhika ule upande mpya nikausikia ubaridi wa maji. Alikuwa na haki kabisa. Ilinichukua zaidi ya mwaka kumrudisha, na alirudi kwa sababu tu nilianza kuandika kiasi cha unyevu kwenye kila stakabadhi na kumwachia nafasi ya kuchagua ukuni wowote katika mzigo, tuupasue na kuupima pamoja. Kupima uso wa nje ni kujidanganya. Siku zote upime sehemu iliyotoka kupasuliwa.

Kuhusu ukaushaji wenyewe, usidanganywe na anayekuambia kwamba jua peke yake linatosha, kwa kuwa mfanyakazi mkubwa ni upepo. Chanja magogo mapema iwezekanavyo, kwa sababu gome huzuia maji kutoka na gogo zima linaweza kukaa mwaka na zaidi likiwa bado bichi moyoni. Panga kuni juu ya vichanja ili zisiguse ardhi, acha njia ya hewa kati ya safu na safu, ezeka juu tu na uache pande wazi. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kulifunika rundo lote kwa turubai hadi chini, ambalo huufungia unyevu ndani na kuzaa ukungu. Kutegemea aina ya mti, unene wa vipande na hali ya hewa, kuni huchukua tangu miezi sita hadi miaka miwili, na miti migumu mizito ndiyo inayokawia zaidi. Kila safu uipe namba na daftari lake: tarehe ya kukatwa, aina ya mti, ulikotoka, na vipimo vya kila mwezi. Bila daftari utajikuta unauza safu iliyo karibu na lango badala ya ile iliyo tayari.

Hapa kuna jambo moja ambalo natamani ningeambiwa mapema. Asilimia ya unyevu huhesabiwa kwa njia mbili, na watu wawili wanaweza kutaja namba tofauti wote wakiwa wakweli. Vile vipimo vidogo vyenye sindano mbili kwa kawaida hulinganisha maji na uzito wa mti uliokauka kabisa, ilhali wanunuzi wakubwa wa kuni na chipsi za mbao (vipande vidogo vilivyokatwakatwa) za kuchoma kwenye boila hulinganisha maji na uzito wote wa mzigo jinsi ulivyofika. Kipimo kinachosoma 25 kwa njia ya kwanza ni sawa na 20 kwa njia ya pili. Mimi niliwahi kumpunguzia bei mnunuzi mmoja kwa shehena nzima kwa sababu mkataba ulitaka unyevu usiozidi asilimia 20 na kipimo changu kilisoma 25; baadaye nikagundua kwamba mzigo ule ulikuwa umetimiza masharti. Kwa hiyo katika mkataba wowote andika ni njia gani inayotumika. Pia vipimo vya sindano haviaminiki sana unyevu unapozidi kiasi cha asilimia 30, na ukiwa na shaka, chukua kipande, kipime kwenye mizani ndogo, kikaushe katika joto la nyuzi 105 hivi mpaka uzito usibadilike tena, kisha upige hesabu ya tofauti.

Ujazo nao una mitego yake. Meta moja ya ujazo ya gogo lisilo na nafasi yoyote ndani yake, ikichanjwa na kupangwa vizuri, huchukua takriban meta 1.4, na ikimwagwa ovyo kwenye tela huzidi meta 2. Muuzaji na mnunuzi wakitamka neno «meta» bila kusema ni ipi, ugomvi umeshaanza. Wateja wengine watakuuliza mti upi una moto zaidi, nawe uwajibu kwa ukweli kwamba kwa kilo moja miti karibu yote hulingana ikiwa imekauka sawasawa. Kinachotofautiana ni uzito ndani ya ujazo, ndiyo maana mti mgumu hukaa motoni muda mrefu na mti mwepesi huwaka haraka na kwisha.

Sasa nirudi kwenye mashine yako. Briketi ni bidhaa nzuri, na siku moja huenda zikakulipa kuliko kuni, lakini mashine inayogandamiza vumbi la mbao bila gundi hutegemea lignini, yaani gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, kulainika kwa joto na kuzishika chembe pamoja, nayo hutaka vumbi lenye unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 12. Likiwa na maji zaidi, mvuke hufumuka na briketi hupasuka au hutoka ikimeguka. Likiwa kavu mno, halishikamani. Je, vumbi la hizo karakana mbili lina unyevu kiasi gani? Kama maseremala wanafanya kazi na mbao zilizokaushwa, unaweza kuwa umepata hazina. Kama wanapasua magogo mabichi, utahitaji kikaushio, nacho hugharimu fedha, nafasi na moto, na aghalabu wauzaji wa mashine hawakitaji hadi umeshalipa. Uliza pia kama kuna mchanga unaofagiwa pamoja na vumbi hilo, kwa sababu mchanga hula parafujo na kinywa cha mashine. Umeandika kwamba vumbi likipungua utaongeza maganda ya mpunga. Yanafaa, ila ujue kwamba majivu yake hufikia karibu moja ya tano ya uzito, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, yenye tabia ileile ya mchanga ya kukwangua chuma, wakati mti safi usio na gome huacha majivu yasiyofika asilimia moja. Mteja aliyezoea kuzoa majivu mara moja kwa wiki hatafurahi kuyazoa kila siku.

Kuna vumbi na mabaki ambayo sitaki uyapokee hata ukipewa bure. Mbao zilizopakwa rangi, zilizogundishwa, au zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisiingie kamwe katika bidhaa yako. Mojawapo ya dawa hizo ilitengenezwa kwa kromiamu, shaba na arseniki, na ukizichoma mbao hizo sumu hubaki katika majivu na nyingine hutoka na moshi. Fikiria moto wa jikoni, na mtu akiusimamia tangu asubuhi hadi jioni. Nenda mwenyewe kwenye karakana zote mbili, uone mabaki yanavyokusanywa, na mkubaliane kwa maandishi kwamba yatatengwa.

Wafanyakazi wako uwalinde vivyo hivyo. Vumbi la mbao lililotanda hewani huweza kulipuka kwa cheche moja, na kulivuta kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani ya pua. Rundo kubwa la chipsi mbichi hupata joto lenyewe kwa kazi ya vijidudu na kuvu, na huweza kushika moto bila mtu kuliwasha. Na ukija kuhifadhi peleti nyingi, yaani vijiti vidogo vya vumbi la mbao lililogandamizwa, katika ghala lililofungwa, usimruhusu mtu kuingia kabla milango haijafunguliwa na hewa kupita, kwa sababu hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na imeshaua watu.

Fedha nimezichelewesha kwa makusudi, kwani ukishayaelewa maji, suala la fedha huwa wazi. Kuni unazonunua mwaka huu unaziuza mwaka ujao, ilhali benki itaanza kudai marejesho mwezi ujao. Ukikopa kwa ajili ya mashine huku huna rundo lililokauka, utalazimika kuuza kuni mbichi ili ulipe deni, nawe utampoteza mteja kama nilivyompoteza yule mwoka mikate. Tumia akiba yako kununua magogo, kuezeka banda na kutengeneza vichanja. Msumeno wa mnyororo na mashine ya kuchanjia unaweza kuvikodi kwa siku chache. Nunua mizigo ya karibu, kwa kuwa kuni ni nzito kwa joto linalobebwa, na safari ndefu humaliza faida yote barabarani. Kila mzigo uwe na hati inayoonyesha ulikokatwa kihalali, na unapoweza, nunua kwa wenye mashamba ya miti inayochipua tena kutoka kwenye kisiki.

Naomba sasa unifanyie jambo moja. Kwa wiki mbili, chukua kila siku mkono mmoja wa vumbi kutoka kila karakana, lipime, likaushe, lipime tena, na uandike namba zote pamoja na siku zilizonyesha mvua. Kipimo changu cha sindano na mizani ndogo nitakutumia pamoja na barua hii. Utanirudishia ukishapata vyako. Namba hizo zikinifikia, nitaacha kazi kwa siku mbili nije tukae pamoja banda kwako, tupige hesabu ya mashine na ya kikaushio, na kama zinakubali, mimi mwenyewe nitakuwa shahidi wako siku ya kutia saini.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa tangu shuleni