Chokaa haisafishi udongo wa Msimbazi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, lakini habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu bustani za bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, imenishinda. Mliandika kwamba mkulima akimwaga chokaa, udongo "unasafishika" kutokana na metali nzito, yaani metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu. Hausafishiki. Risasi iliyomo leo itakuwemo hata wajukuu wetu wakilima hapo. Chokaa huipunguzia udongo tindikali, na hapo kadimiamu, na risasi kwa kiasi, hunata kwenye chembe za udongo badala ya kuyeyuka kwenye maji yanayonywewa na mizizi. Tindikali ikirudi, na hurudi upesi kwa anayetumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) au yurea kila msimu, metali nazo hulegea. Kwa hiyo pH, yaani kipimo cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi), ipimwe kila msimu, ishikiliwe kati ya 6.5 na 7.

Vipimo vya chokaa ya kumwaga hamkutoa kabisa, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Siku hizihizi nimeona bondeni tuta la mchicha lenye majani machanga ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani, na juu ya udongo ukoko mweupe unaovunjika kwa kidole. Ilimwagwa ndoo nzima ya chokaa ya kupaka kuta, siku moja na samadi mbichi, mbegu zikafuata kesho yake. Chokaa ya namna hiyo hugeuza naitrojeni ya samadi kuwa amonia ikapotelea hewani, na pH ikipanda mno, chuma na manganizi navyo hufungwa. Njano ile ni njaa ya madini. Tuta la mita 1 kwa 10 lenye pH ya 5.5 linatosheka na kilo 2 za chokaa ya kilimo kwenye udongo wa kichanga, hadi kilo 4 kwenye udongo wa mfinyanzi, ichanganywe kwa jembe hadi sentimita 15 au 20, imwagiliwe, isubiriwe wiki tatu. Ndipo ije mboji iliyoiva, kilo 20, na kama yapo, makaa ya pumba za mpunga kilo 10 yaliyosagika. Unga wa mifupa husaidia kwa risasi kwa sababu fosfeti huishika, lakini penye sumu ya aseniki usiutumie, maana fosfeti huiachia. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au dawa yasiguse bustani: yanaweza kuwa na risasi na aseniki yenyewe.

Na hata haya yote hayagusi vumbi la barabarani wala tope linalorukia majani. Hilo huondolewa kwa kuosha, na mboga nyingi huoshwa kwa maji ya mto uleule kabla hazijapelekwa sokoni! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya metali nzito katika mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi mwaka 1999. Bado tunajadili kama tatizo lipo. Penye uchafu mwingi, mchicha na matembele viachwe, ipandwe bamia au nyanya, kwa kuwa tunda hubeba kidogo kuliko jani.

Linaloniuma zaidi ni maduka ya pembejeo. Mifuko myeupe haina maandishi. Mkulima anauziwa chokaa ya ukuta, au jasi, ambayo haipandishi pH hata kidogo, kwa bei ya chokaa ya kilimo. Naomba kila duka liwekewe chupa ya siki na kijiko kaunta. Mnunuzi aweke unga kijiko kimoja, adondoshee siki. Chokaa ya kilimo hutoa povu. Jasi hukaa kimya. Ya ukuta, ikiwa mpya, haitoi povu ila hupata joto. Kisichotoa povu kirudishwe palepale kabla pesa haijatoka mfukoni.

Bwana shamba mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam